Feni ya Kiwandani: ya Mkono na ya Kujiendesha

(Mazungumzo ya Ofisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo wanaofanya kazi katika kiwanda cha chai)



Nimeombwa nizungumze juu ya feni. Najua wengine mnanong'ona: "Ofisa wa elimu anajua nini juu ya feni? Kazi yake ni chaki na ubao." Ni kweli, mimi si fundi umeme. Nilisomea ualimu chuoni. Lakini mliniletea swali darasani, na mwalimu akiletewa swali hana budi kulitafutia jibu. Nimewauliza mafundi, nimesoma vitabu vyao, nimesimama kando ya vihori vyenu usiku na mchana. Niliyoyapata ndiyo nitakayowaeleza.

Swali lenyewe liliulizwa na mama mmoja wa darasa la jioni. Alisema hivi: "Mwalimu, tunasikia feni zitafungiwa mtambo wa kujiwasha na kujizima. Mimi nimejifunza kusoma kipimajoto na kuandika tarakimu katika daftari. Sasa feni ikijiendesha yenyewe, kusoma kwangu kutafaa nini?"

Ndugu zangu, hilo si swali dogo. Ndani yake mna ugali wa watoto. Basi tulijibu pole pole, hatua kwa hatua.

KAZI YA FENI

Mkulima wa chai, awe wa Rungwe, Mufindi, Njombe au Usambara, anajua uzito wa kikapu cha majani mabichi mgongoni. Uzito ule mwingi ni maji. Katika kila kilo 100 za majani mabichi, kiasi cha kilo 75 hadi 80 ni maji matupu. Majani hayawezi kuingia kwenye mashine ya kukatia yakiwa hivyo. Lazima kwanza yanyauke, yalegee, yakunjike bila kuvunjika.

Ndiyo maana tunayalaza katika vihori, yaani yale masanduku marefu yenye wavu. Feni imefungwa kichwani mwa kihori. Inasukuma hewa chini ya wavu, hewa inapanda katikati ya majani na kuondoka na maji. Mara nyingi kazi hii huchukua saa 12 hadi 18.

Hebu tupige hesabu, maana hesabu haisemi uongo. Tuseme kihori kina kilo 1,000 za majani mabichi, na katika kila kilo 100 maji ni kilo 78. Basi maji ni kilo 780, na kitu kikavu ni kilo 220. Tunataka majani yanyauke mpaka maji yawe 70 katika kila 100. Maana yake zile kilo 220 kavu ziwe 30 katika kila 100. Ukigawa utapata kwamba uzito wote utakuwa kilo 733 hivi. Kilo 267 zimekwenda wapi? Zimebebwa na hewa. Usiku mmoja, kihori kimoja, zaidi ya madebe 13 ya maji yameondoka na wala hakuna mtu aliyeyaona yakipita.

Feni ina kazi ya pili, nayo wengi hatuifikirii. Jani likichumwa halifi palepale. Bado linapumua, na linapopumua linatoa joto. Tia mkono ndani ya gunia la majani lililoshindiliwa tangu asubuhi, utasikia joto lake. Majani yakikaa hivyo bila hewa hugeuka mekundu, na chai yake haina thamani. Kwa hiyo feni inanyausha majani, na pia inayapoza.

Ndugu wakulima, jambo hili ni lenu pia. Kilo moja ya chai kavu hutokana na kilo nne na nusu hivi za majani mabichi. Kihori kimoja cha kilo 1,000 kikiharibika usiku, zaidi ya kilo 200 za chai zimepotea. Hiyo ni jasho la vikapu vingi.

FENI YA MKONO

Feni ya mkono ni ile inayowashwa na kuzimwa na mtu. Mtu anasoma vipimajoto, anashika majani, anayanusa, kisha anaamua.

Vipimajoto ni viwili. Kimoja ni kikavu. Cha pili kimevishwa kitambaa chenye maji. Maji ya kitambaa yanapoondoka na hewa, huchukua joto, kama vile mtungi wa udongo unavyopoza maji kwa kutoa jasho. Kwa hiyo kile chenye kitambaa husoma chini zaidi. Hewa ikiwa kavu, ina kiu, inakunywa maji upesi, na tofauti ya vipimajoto inakuwa kubwa. Hewa ikiwa imeshiba maji, tofauti inakuwa ndogo.

Mfano: kikavu kinasema nyuzi 24, cha kitambaa kinasema 19. Tofauti ni 5. Hewa hiyo ina kiu, feni peke yake inatosha. Lakini njoo usiku wa ukungu. Kikavu kinasema 15, cha kitambaa kinasema 14. Tofauti ni 1 tu. Hapo feni itapoza majani, lakini itayanyausha kidogo sana. Ndipo hewa ya moto huchanganywa, kwa kipimo. Hewa ikipita nyuzi 35 hivi, majani huungua.

Uzuri wa feni ya mkono ni kwamba mtu yupo, anaona na kunusa. Ubaya wake ni kwamba mtu huchoka. Saa tisa za usiku usingizi ni mtamu. Ukungu unaingia, tofauti inashuka kutoka 5 hadi 1, na aliye zamu amejikunyata pembeni. Feni inaunguruma mpaka asubuhi, umeme unaliwa, majani bado mabichi. Na majani mengine hunyaushwa kupita kiasi kwa sababu hakuna aliyeizima feni.

FENI YA KUJIENDESHA

Feni ya kujiendesha, au otomatiki, huwashwa na kuzimwa na chombo. Kuna aina kadhaa. Ya kwanza ni saa. Imepangwa: washa saa fulani, zima saa fulani. Ya pili ni kipimajoto chenye swichi. Joto likifika kiasi fulani, feni inawaka. Mabanda makubwa ya kuku hutumia hii. Ya tatu hupima unyevu wa hewa, na hii ndiyo inayofaa vihori vya chai. Zipo na nyingine. Katika maegesho ya magari yaliyo chini ya majengo makubwa ya miji, chombo hupima moshi wa sumu wa magari na kuwasha feni kabla watu hawajadhurika.

Uzuri wa mtambo huu ni kwamba hausinzii. Saa tisa za usiku kwake ni sawa na saa tatu za asubuhi.

Uzuri mwingine ni katika bili ya umeme. Mitambo mingi ya sasa ina kifaa cha kubadilisha kasi. Zamani ukitaka kupunguza hewa, ulifunga kilango cha hewa kwa mkono. Hewa ilipungua, lakini mota iliendelea kula umeme mwingi. Kifaa hiki kinapunguza mzunguko wa feni yenyewe. Na feni ina tabia yake. Ukipunguza kasi kidogo, umeme unapungua sana.

Kasi ikiwa nane ya kumi, hewa nayo ni nane ya kumi hivi. Lakini umeme ni nane ya kumi, mara nane ya kumi, mara nane ya kumi. Piga mwenyewe: 0.8 mara 0.8 ni 0.64. Mara 0.8 tena ni 0.512. Yaani karibu nusu! Basi feni inayokula uniti 10 kwa saa itakula kama 5 tu.

Majani yanahitaji hewa nyingi saa za mwanzo, hasa yakiwa na maji ya mvua au umande. Baadaye yanaweza kwenda na hewa pungufu. Tuseme saa 6 za mwanzo kwa kasi kamili: uniti 60. Saa 6 zinazofuata kwa nane ya kumi: uniti 31 hivi. Jumla ni 91. Kwa kasi kamili usiku kucha zingekuwa 120. Feni moja, usiku mmoja, uniti 29 zimebaki. Zidisha kwa feni zote, kisha kwa siku za mwezi. Haba na haba hujaza kibaba.

SWICHI YENYE NAFASI TATU

Sasa nisikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo penye uhai wa mtu.

Kwenye sanduku la feni ya kujiendesha mtaona swichi ya kuzungusha yenye nafasi tatu. Mara nyingi kuna herufi za Kiingereza: H, O na A. Herufi H ni mkono: feni inakwenda kwa amri ya mtu. Herufi O ni zima. Herufi A ni otomatiki: feni inangoja amri ya chombo.

Msomaji wa herufi hizi lazima ajue jambo moja. Swichi ikiwa kwenye A, na feni imesimama kimya, feni hiyo haijazimwa. Inangoja tu. Ni kama mbwa aliyelala mlangoni na macho wazi. Saa ikifika, au unyevu ukibadilika, itaanza kuzunguka bila kumwambia mtu hodi.

Tuseme kijana anafagia ndani ya kihori. Ameona feni imesimama. Anapeleka mkono kutoa majani yaliyokwama kwenye mapanga. Wakati huohuo hewa ya nje inakauka, chombo kinatoa amri. Jamani, mapanga yale hayachagui kati ya jani na kidole.

Kuna na hatari ya umeme kukatika. Hapa lazima tutofautishe. Feni inayowashwa kwa vitufe, cha kijani na chekundu, umeme ukikatika kwa kawaida hujifungua yenyewe ndani. Umeme ukirudi haiendi mpaka mtu abonyeze kijani tena. Lakini swichi ya kuzungusha hubaki pale ulipoiacha. Ikiwa ilikuwa kwenye A, na hata ikiwa ilikuwa kwenye H, umeme ukirudi feni inaweza kuanza palepale. Kwa hiyo msiseme, "Umeme umekatika, ndiyo nafasi ya kusafisha feni." Umeme hauna ratiba ya kurudi.

Basi kanuni ni hizi, kila mmoja aziandike katika daftari lake:

1. Kabla ya kugusa feni, peleka swichi kwenye O. Kisha zima swichi kuu ya feni hiyo.

2. Ifunge swichi kuu kwa kufuli, na ufunguo uweke mfukoni mwako mwenyewe. Usimpe mwenzako akutunzie. Mkiwa wawili, yawekwe makufuli mawili, kila mtu na lake.

3. Tundika kibao: USIWASHE. MTU YUKO KAZINI. Kibao kiandikwe Kiswahili, kwa herufi kubwa.

4. Ngoja mapanga yasimame kabisa. Hata baada ya kuzimwa feni huendelea kuzunguka kwa muda, na upepo unaweza kuizungusha.

5. Ukimaliza, rudisha kinga yake ya wavu kabla ya kufungua kufuli.

Ndugu zangu, ona kazi ya kusoma hapo. Kibao hakimsaidii asiyejua kusoma. Tofauti ya O na A kwake ni michoro miwili tu. Kwenu ninyi ni tofauti ya mkono mzima na mkono uliokatika.

UMEME UKIKATIKA USIKU

Usiku umeme ukikatika, majani hayangoji. Yanaendelea kupumua na kupata joto. Fungueni milango na madirisha ya ukumbi. Yageuzeni majani kwa mikono ili joto litoke. Palipo na nafasi, tandazeni majani yawe membamba.

Umeme ukirudi, au jenereta ikiwashwa, msiwashe feni zote kwa mpigo. Mota ikianza kwa kuunganishwa moja kwa moja huvuta umeme mwingi, mara tano hadi saba ya kawaida yake. Feni kumi zikianza pamoja, zitaangusha swichi kubwa na mtarudi gizani. Washeni moja, ikishika kasi, washeni ya pili. Mtambo wa kujiendesha nao upangwe hivyo hivyo, feni zifuatane. Muulizeni fundi kama amepanga.

Feni nyingine huweza kugeuzwa, zikavuta hewa kutoka juu badala ya kuisukuma kutoka chini. Hizi lazima zisimame kabisa kwanza. Kugeuza feni ingali inazunguka ni kuua mota.

Na swichi ya kulinda mota ikijikata, ina sababu. Labda umeme umepungua, labda beringi imekufa, labda kuna kitu kimekwama. Msiirudishe mara tatu mara nne kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba tupu. Mwiteni fundi.

MTAMBO HUAMINI UNACHOAMBIWA

Sasa narudi kwa mama yetu na swali lake. Je, feni ikijiendesha, kusoma kunafaa nini?

Nitajibu kwa mfano wa kile kitambaa cha kipimajoto. Tuseme maji yake yamekwisha na kitambaa kimekauka. Hakuna maji ya kuondoka, hakuna kupoa. Sasa vipimajoto vyote viwili vinasoma sawasawa: 24 na 24. Tofauti ni sifuri. Mtambo unafanyaje? Unafikiri hewa imeshiba maji kama usiku wa ukungu, kumbe nje jua linawaka na hewa ina kiu! Unafungua hewa ya moto. Majani yanakauka na kuungua, na mtambo hauna habari. Umefanya kazi yake sawasawa. Uliambiwa uongo tu, ukaamini.

Hata pale ambapo badala ya kitambaa kuna chombo cha umeme cha kupima unyevu, nacho huingiwa na vumbi na manyoya ya chai. Kikichafuka kinasema uongo. Nani atakigundua? Si mtambo mwenyewe. Atakigundua mtu anayejua kusoma kipimajoto cha mkononi, akalinganisha tarakimu na tarakimu, akasema: "Hapana, hapa pana kasoro."

Kwa hiyo, mama, kusoma kwako kunafaa. Zamani ulisoma ili uiamrishe feni. Sasa utasoma ili uukague mtambo. Kazi ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Na siku mtambo ukiharibika saa nane za usiku, swichi itarudishwa kwenye H, na wewe ndiwe utakayeendesha. Asiyefanya mazoezi ya mkono siku za amani, ataujulia wapi siku ya taabu?

Kwa hiyo nashauri mambo mawili. Kwanza, daftari lisife. Kila saa andikeni: saa ngapi, kikavu ngapi, cha kitambaa ngapi, tofauti ngapi, swichi iko wapi, nani yuko zamu. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Pili, siku moja katika wiki vihori viwili viendeshwe kwa mkono, chini ya msimamizi, ili ujuzi usipotee.

Lakini nisiwafiche. Mtambo wa kujiendesha hupunguza kazi ya kuwasha na kuzima. Palipokuwa na watu watatu wa zamu, mtu anaweza kusema mmoja anatosha. Jambo hili lizungumzwe sasa, kabla mtambo haujafungwa, si baada. Ndugu Meneja yupo hapa, nami nasema mbele yake kwa heshima. Mtu mmoja peke yake usiku, kati ya mapanga yanayojiwasha, si akiba. Akinaswa, nani atazima? Wafanyakazi wanayo haki ya kuuliza: nani atafundishwa mtambo huu? Makufuli yatanunuliwa mangapi? Maelezo yataandikwa Kiswahili? Waliokuwa wakiwasha feni watapewa kazi gani? Kuuliza si ujinga, wala si ukaidi.

Serikali ilipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, shabaha haikuwa watu wajue kuandika majina yao tu. Shabaha ilikuwa mtu aelewe kazi yake na maisha yake, ayabadili. Mtu anayesimama mbele ya sanduku la swichi, akasoma, akaelewa, akafunga kufuli lake na kutia ufunguo mfukoni, huyo amehitimu kweli.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Feni imesimama na swichi iko kwenye A. Je, ni salama kuisafisha? Elezeni sababu.

2. Kipimajoto kikavu kinasoma nyuzi 22, na chenye kitambaa kinasoma 18. Tofauti ni ngapi? Je, hewa ina kiu au imeshiba?

3. Vipimajoto vyote viwili vinasoma sawa, na nje jua ni kali. Mtakagua nini kwanza?

4. Feni inakula uniti 8 kwa saa kwa kasi kamili. Kwa kasi ya nane ya kumi itakula uniti ngapi hivi? Katika saa 10 zitabaki uniti ngapi?

5. Katika kazi zenu, kuna mashine gani nyingine inayoweza kujiwasha yenyewe? Ina kufuli? Ina kibao?